UZI: Kushusha kempa ya pikapu kwenye mteremko – sawazisha gari kwanza, jeki zije baadaye

Mwanzisha uzi – Timazi

Wakuu, habari zenu. Nimeulizwa mara kadhaa ninavyoshusha kempa nyumbani wakati njia yangu ya kuingilia gari ina mteremko. Jibu la mistari miwili kwenye jambo hili linaweza kumvunja mtu mguu, kwa hiyo naandika yote hapa, na mwenye la kuongeza aongeze.

Kwa asiyeifahamu, kempa ninayoisema hapa haina magurudumu kama trela. Ni chumba cha safari kinachokaa ndani ya bodi la pikapu, na pua yake, penye kitanda, inaning'inia juu ya kabini. Ina jeki nne kwenye pembe. Unazirefusha jeki mpaka kempa iachane na bodi, unatoa pikapu kwa mbele, halafu unaishusha kempa pole pole. Pakiwa tambarare, kazi hiyo watu wawili wanaimaliza bila jasho. Kwenye mteremko mambo hubadilika.

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza nilirudisha pikapu kinyumenyume hadi karibu na ukuta wa nyumba, pua ikiangalia chini kuelekea barabarani, nikaweka kabari kwenye tairi, nikafungua minyororo inayoifunga kempa kwenye pikapu na kuanza kupandisha jeki. Kwangu ardhi inashuka sentimita 4 kwa kila mita. Kwa macho huwezi hata kuiona. Jeki zilipanda vizuri. Pale tu kempa ilipoachana na bodi, ikajongea yenyewe mbele kama sentimita 3, ikaegemea ukuta wa mbele wa bodi, na miguu yote minne ikalala upande wa bondeni. Nilikuwa nimeshika mpini wa jeki ya mbele, na mke wangu alikuwa nyuma yangu hatua mbili. Tulinyamaza wote. Tukaishusha robo mzunguko kwa robo mzunguko mpaka ikakaa tena kwenye bodi. Mrija wa jeki moja ulikuwa umepinda.

Kilichotokea nilikielewa baadaye, na ndiyo sababu ya uzi huu. Jeki zimefungwa kwenye kempa, kempa imekaa kwenye bodi, bodi liko kwenye gari, na gari limelala kama ardhi ilivyolala. Kempa ikinyanyuka, inanyanyuka na ulalo uleule wa gari, na miguu ya jeki inalala vilevile. Wakati bado imekaa kwenye bodi, msuguano wa sakafu unaizuia. Ikiachana na bodi tu, uzito wote unaotaka kwenda bondeni unabaki mikononi mwa jeki. Yangu ina kilo 1,300 ikiwa na vitu vyake. Kwenye mteremko wa 4%, hiyo ni kama kilo 52 zinazosukuma kwa ubavu, bila kupumzika, kwenye miguu iliyotengenezwa kubeba mzigo wima. Jeki ikirefuka mita 1.3, kichwa chake kinakuwa kimetoka nje ya timazi kwa sentimita 5. Ongeza ule mchezo mdogo ulio kati ya mrija wa ndani na wa nje, na unaelewa kwa nini ilijongea.

Kwa hiyo ninachosawazisha kwanza siku hizi ni gari, kempa ikiwa bado imo ndani ya bodi na imefungwa.

Pima mteremko wako kabla ya kitu chochote. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, uweke chini kuelekea bondeni, weka pima maji juu yake, nyanyua ncha ya chini mpaka tone likae katikati. Pengo lililobaki kwa sentimita ndiyo asilimia ya mteremko. Pima mahali pa tairi za mbele, za nyuma, na mahali pa kila mguu wa jeki, kwa sababu njia nyingi hazilali sawa mwanzo hadi mwisho. Pima pia kwa upana. Wengi husahau upana.

Pikapu yangu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.6. Mara 4, ni sentimita 14. Hiyo ndiyo mbao ninayohitaji chini ya tairi za mbele ili gari likae sawa. Nimetengeneza ngazi mbili ndefu za mbao nene, zilizofungwa kwa skrubu, kila moja na mdomo wa kupandia, na chini yake nimegundisha mpira wa zulia la gari ili zisiteleze. Ninapanda nazo kinyumenyume, nasimama, natia gia, navuta hendibreki, nakandamiza kabari kwenye tairi zote nne upande wa bondeni. Kabari za tairi za mbele zinakaa juu ya ngazi yenyewe.

Sasa jambo ambalo sikulitegemea. Kempa ikitoka kwenye springi za nyuma, mkia wa gari unapanda. Langu linapanda kama sentimita 7. Kwa hiyo gari lililokuwa sawa likiwa na mzigo halibaki sawa likiwa halina mzigo, na ukipima mara moja tu mwanzoni umejidanganya. Mimi hupima bodi, hunyanyua kempa mpaka iguse kidogo tu, hupima tena kempa yenyewe, urefu na upana, na hapo ndipo huamua kuendelea au kurudi chini na kurekebisha mbao. Kurudi chini si aibu. Nimewahi kurudi mara tatu siku moja.

Kabla ya jeki kuanza kazi: matangi ya maji yawe matupu (lita 100 ni kilo 100, na zinahama zikipata ulalo), mitungi ya gesi ifungwe, waya wa umeme unaounganisha kempa na gari uchomolewe, mlango wa nyuma wa bodi utolewe, watoto na wanyama wawe ndani ya nyumba. Minyororo fungua mwisho kabisa, na ihesabu ukiiweka chini.

Chini ya kila mguu wa jeki weka kitako cha mbao cha sentimita 40 kwa 40. Mguu wa sentimita 15 kwa 15 uliobeba kilo 400 unaikandamiza ardhi kwa kama kilo 1.8 kwa kila sentimita ya mraba, na lami iliyopigwa na jua inabonyea. Kwenye kitako cha 40 kwa 40 mzigo uleule unakuwa robo kilo. Kwa kuwa ardhi imelala, kitako nacho kinalala, na mguu utasimama kwenye ukingo wake mmoja. Ndiyo maana kila kitako changu nimekichonga kabari upande mmoja ili juu pawe sawa kabisa. Miguu ya bondeni nimeiinua kwa vitako vinene zaidi. Kati ya jeki za mbele na za nyuma kuna mita 2.8, yaani tofauti ya sentimita 11. Bora tofauti hiyo iwe mbao pana chini kuliko iwe chuma chembamba kilichochomoza kwenye mrija, kwa sababu jeki inadhoofika kadiri inavyorefuka.

Kupandisha: sentimita 5 mbele, kulia na kushoto, halafu 5 nyuma. Usiruhusu pembe moja ikimbie. Kempa yenye miguu minne ni kama meza: mguu mmoja ukiwa mfupi, miwili ya mshazari inabeba karibu kila kitu na mingine miwili inapapasa tu. Zungusha mpini kidogo kila pembe na usikilize mkono wako. Mguu mmoja ukizunguka mwepesi kuliko wenzake, simama. Pua iwe juu kidogo kuliko mkia, sentimita 2 hivi, kwa sababu uzito mwingi uko mbele na kempa ikiinama mbele itataka kuifuata kabini.

Nitaendelea kwenye majibu, mikono imechoka.

BintiSafari

Asante sana mkuu. Naomba kuuliza bila kuonekana mbishi. Kwa nini usiache gari kwenye mteremko, ukanyanyua pua zaidi ya mkia mpaka kempa iwe sawa? Hesabu zangu zinaonyesha kwa bodi la mita 2.4 unahitaji kama sentimita 10 tu za ziada mbele. Mbao zote hizo za nini?

Timazi

Swali zuri dada, na kwa mteremko wa 1% au 2% mimi mwenyewe hufanya hivyo. Nyanyua pua kwanza mkia ukiwa bado umekaa kwenye bodi, ili msuguano uendelee kuizuia, ifike usawa, kisha ndipo mkia uachane na bodi.

Shida inaanza mteremko ukizidi hapo. Mguu uliukanyagisha chini ukiwa umelala. Kempa ikisawazika, mguu unataka kusimama wima, lakini ncha yake ya chini imeshikwa na mzigo na haiwezi kusogea. Ama itateleza ghafla, ama mrija utapinda. Ukiamua njia hiyo, kila sentimita chache uuondolee mguu mmoja mmoja mzigo, uusimamishe upya kwa timazi, uendelee. Na lazima watu wawe wawili, na mkia uwe bado kwenye bodi wakati wote huo. Ukijumlisha, ngazi za mbao ni kazi ndogo zaidi.

Kabari_Nne

Naongezea kuhusu minyororo, kwa sababu mwanzisha uzi amesema "ihesabu" na kupita haraka. Kwangu ni changarawe, 9%. Nilisahau mnyororo mmoja wa nyuma, umejificha nyuma ya bampa. Jeki zikapanda, kempa ikapanda, na mkia wa gari ukapanda nayo. Nilidhani ni springi zinapumua. Kumbe jeki zilikuwa zinanyanyua gari. Hendibreki ya pikapu inashika tairi za nyuma, na "P" ya giaboksi inashika shafti inayokwenda nyuma. Tairi za nyuma zikiwa nyepesi juu ya changarawe, hata zikifungwa kama chuma hazina cha kushika. Gari likateleza na tairi zimefungwa hivyohivyo, likaikokota kempa. Nashukuru kabari ya mbele ililizuia.

Tangu siku hiyo naweka gia ya magurudumu manne kabla ya kuzima, ili tairi za mbele nazo zifungwe na giaboksi. Angalia tu kile kigawanya nguvu (kinachopeleka nguvu ya giaboksi mbele na nyuma) kisiwe kwenye neutro, maana hapo "P" haishiki kitu. Na kama tairi moja ya nyuma inaelea, difu ya kawaida inairuhusu izunguke huku, nyingine izunguke kule. Kabari kwenye tairi za mbele hazina mbadala.

Timazi

Kabari_Nne, pole sana, na asante. Hiyo ya mnyororo inastahili kusomwa na kila mtu. Alama yake ni hii: pima urefu kutoka ardhini hadi kwenye tundu la tairi la nyuma (ile nafasi ya bodi inayofunika tairi) kabla ya kuanza. Ukijua gari lako hupanda sentimita 7 na leo limepanda 10 huku bado limegusana na kempa, kuna kitu kimefungwa.

Mzee wa Plaiwudi

Vijana, hamjafika kwenye kutoa gari. Timazi, gari lako liko juu ya mbao za sentimita 14 mbele. Likisonga mbele litadondoka kwenye mbao wakati bodi bado liko chini ya kempa. Umelishughulikiaje hilo?

Timazi

Shikamoo mzee, na hapo ndipo nilipokesha na karatasi. Tairi za mbele zikishuka sentimita 14, gari linabinuka kwenye ekseli ya nyuma, na mkia unapanda. Mkia wangu umechomoza mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwa hiyo unapanda 14 × 1.2 ÷ 3.6, karibu sentimita 5. Ukiacha pengo la sentimita 3 kati ya bodi na kempa, mkia utaipiga kempa kwa chini na kuisukuma kutoka kwenye jeki. Mimi huacha 10.

Halafu mbao zangu mbele hazikatiki wima. Zina mdomo mrefu wa mita nzima, gari linashuka polepole. Gia ya chini kabisa, mguu kwenye breki, hakuna kugusa mafuta. Mtu mmoja kila upande, akiangalia nafasi kati ya jeki na ukuta wa bodi, na tumekubaliana kwamba mkono ukiinuka, yeyote aliyeuinua, gari linasimama. Bahati ya kutokea upande wa bondeni ni kwamba kadiri gari linavyosonga linazidi kushuka na pengo linakua. Anayetokea upande wa mlimani pengo linapungua kwa kila mita, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kugeuza gari.

Mzee wa Plaiwudi

Marahaba. Hesabu imenyooka. Sasa niongeze la kwangu, la kuishikilia ikishashuka, maana naona wengi wanaiacha imesimama kwenye jeki miezi.

Jeki ni za kupandishia na kushushia. Gari likishatoka, ishushe chini kadiri uwezavyo, na magogo yawe yanaifuata chini yake, pengo lisizidi sentimita 5, ili jeki ikikata kempa ianguke sentimita 5 tu. Usiingize mkono wala kichwa chini yake, sukuma magogo kwa ubao mrefu. Magogo yapange mawili-mawili kwa kupishana, kama kitanda cha kamba, na kimo cha jukwaa kisizidi upana wake. Safu ya chini ichongwe kabari ifuate mteremko, ili kuanzia safu ya pili kila kitu kiwe sawa kwa pima maji. Matofali ya saruji yenye matundu msiyatumie. Gogo hulia kabla ya kuvunjika, tofali hupasuka bila kukuaga.

Mahali pa kubebea ni tumbo la kempa, lile sanduku linaloingia kati ya matundu ya tairi, penye boriti zake. Mabawa yanayotanda juu ya tairi hayakujengwa kubeba kitu, yatabonyea na ukuta utaachia. Kitabu cha kempa yako kinaonyesha penye boriti. Kisome.

Na ikishakaa kwenye magogo, miguu ya jeki msiikunje kutoka chini. Tumbo lina upana wa kama mita 1.2 tu kwa sababu lazima lipite kati ya matundu ya tairi, wakati juu kempa imetanuka zaidi ya mita 2. Ni kitu kipana kwenye kitako chembamba, na upepo wa ubavu unaitikisa. Acha miguu yote minne iguse chini kwa mkazo mwepesi, magogo yabebe, jeki zizuie kuyumba. Wenye jeki za mafuta wapitie kila wiki, huwa zinashuka kidogo kidogo zenyewe.

BintiSafari

Mzee, na kulala humo ikiwa kwenye magogo?

Mzee wa Plaiwudi

Ikiwa chini, kwenye magogo, jeki zimekaza, matangi mepesi, watu wanaingia bila wasiwasi. Ikiwa juu kwenye jeki peke yake, hakuna kupanda kitanda cha puani. Mtu wa kilo 80 kule mbele amekaa nje kabisa ya miguu.

Njia_Nyembamba

Wakuu nimesoma yote nikatoka nje na ubao wa mita 1. Kwa urefu nina 3%. Kwa upana nina 6%, na nilikuwa nimepanga kushusha Jumamosi. Nina pia kitoroli cha magurudumu cha kusukumia kempa baada ya kuishusha, nilitaka niisogeze pembeni.

Timazi

Ndugu, kitoroli kwanza: kwenye mteremko usikitumie kabisa. Kempa ya kilo 1,000 juu ya magurudumu madogo kwenye 6% inavuta kilo 60 kwenda bondeni, na ikianza kutembea hakuna mtu wa kuisimamisha.

Upana wa 6% ni mbaya kuliko urefu wa 6%, kwa sababu kempa ni ndefu kwenda juu na miguu ya kulia na kushoto iko karibu kuliko ya mbele na nyuma. Kati ya tairi za kulia na za kushoto za pikapu una kama mita 1.7, kwa hiyo tairi zote mbili za bondeni, ya mbele na ya nyuma, zinahitaji sentimita 10. Na ubao wa tairi ya nyuma lazima uwe mrefu kama safari nzima ya gari, karibu mita 3, la sivyo tairi ikidondoka bodi litayumba kwa ubavu na kuibana kempa katikati. Una nafasi ya mbao za mita 3 mbele ya tairi?

Njia_Nyembamba

Sina. Mbele ya tairi ya nyuma nina mita 2 halafu kuna mfereji.

Kabari_Nne

Basi usishushe hapo. Tafuta eneo tambarare la jirani au rafiki uiache huko.

Mzee wa Plaiwudi

Au geuza gari likae mshazari, upande ambao mteremko ni mdogo. Chora duara la mita 3 kwa chaki mahali unapotaka, pima kila robo yake. Mara nyingi unapata mstari mmoja ambao hauzidi 2%.

Njia_Nyembamba

Nimepima mzee. Nimepata mstari mmoja, karibu na geti, 2% kwa urefu na nusu sentimita tu kwa upana. Kempa itaziba nusu ya njia. Nitaishusha hapo, na gari dogo litalala nje.

Timazi

Hapo panafaa. Tumia njia aliyoiuliza BintiSafari: pua kwanza, mkia umekaa, simamisha mguu mmoja mmoja kwa timazi. Fanya asubuhi kabla ya upepo, na uweke picha ya vitako vyako hapa kabla ya kugusa jeki.